Ufinyu Katika Nchi Pana

Mtu asiyeijua nchi ya Wasukuma, akiambiwa kwamba huko Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga, wako watu wanaopanda mchicha ndani ya magunia na matembele ndani ya ndoo zilizopasuka, aghalabu hudhani kwamba amesimuliwa habari za Manzese au za Kibera. Kwani ajuavyo yeye ni kwamba bara ile ni tambarare iliyojitandaza hata macho yakachoka, yenye mashamba ya mtama na pamba na mpunga, na malisho ya ng'ombe wasiohesabika, na kwa hiyo anayelima ndani ya chombo katika nchi ya namna hiyo lazima awe ama mvivu wa jembe, ama mtu aliyeiga mambo ya mjini bila ya kuuliza maana yake. Dhana hiyo nimeisikia kwa watu wenye elimu zao na heshima zao, na kila niisikiapo hutamani kuijibu kwa utulivu, kwa sababu ndani yake limejificha kosa lililotugharimu mengi, nalo ni kosa la kudhani kwamba nafasi ya mkulima hupimwa kwa ekari peke yake.

Tuanze na maji, maana katika Shinyanga maji ndiyo yenye hukumu ya mwisho. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kukoma Aprili au mapema ya Mei, na katikati yake, aghalabu Januari au Februari, hukatika ghafla hata mahindi yakajikunja majani. Jumla yake kwa mwaka huwa kati ya milimita 600 na 800 hivi, kiasi ambacho kwa hesabu si haba, walakini sehemu yake kubwa hushuka kwa kishindo katika saa chache, ikakimbilia mitoni na mabondeni kabla udongo haujapata wasaa wa kuinywa. Kuanzia Juni hata Oktoba hainyeshi mvua ya kutajwa, jua huwaka tangu asubuhi, upepo wa mashariki hupeperusha vumbi, na mboga mbichi, ambazo mwezi wa Machi zilikuwa zikiota zenyewe kando ya njia, hugeuka kuwa kitu cha kununuliwa. Katika miezi hiyo mitano mwenye ekari kumi na mwenye uwanja wa hatua tano ni sawasawa: wote wawili hulima kadiri ya maji wawezayo kuyabeba, na maji ya kubebwa kichwani hayatoshi ekari.

Kisha uko udongo wenyewe. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alitangaza maelezo yake ya jinsi udongo wa Afrika ya Mashariki unavyofuatana kwa mpango maalumu toka kilimani hata bondeni, na nadharia yake ikasifika duniani na kufundishwa vyuoni mpaka leo. Lakini katika Usukuma, ambako mfuatano huo huonekana dhahiri, wenyeji walikwisha zamani kukipa kila kituo cha mteremko jina lake. Walijua luseni, udongo wa mchanga mwepesi wa sehemu za juu. Wakajua ibushi wenye chokaa. Wakajua itogolo, mgumu chini ya ngozi yake nyembamba, unaokataa maji yasipenye. Wakajua na mbuga, udongo mweusi wa bondeni ambao wakati wa masika hung'ang'ania jembe na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mtu hachagui sana mahali pa kujenga. Hujenga alipogawiwa, au alipouziwa, au palipo karibu na barabara. Na aliyejenga juu ya itogolo, hata uwanja wake uwe na nafasi ya kuchezea mpira, hana bustani.

Hata yule mwenye bahati ya udongo mwema karibu na kisima bado hajasalimika. Baada ya mavuno mashamba huwa wazi kwa mifugo; ng'ombe huingia kula mabua, na mbuzi hufuata nyuma yao wakila kila kilichobaki kijani. Ni desturi yenye insafu yake, kwa kuwa mwenye ng'ombe hupata malisho na mwenye shamba hupata samadi, wala silaumu. Lakini tuta la mchicha lililo peke yake mwezi wa Agosti, katika nchi iliyokauka kote, ni karamu iliyotandikwa mbele ya mbuzi, na kulilinda kunataka ua wa miiba au wa minyaa iliyokwisha kushonana, kazi ya miaka na si ya wiki. Gunia lililosimama barazani, hatua tatu kutoka mlango wa jiko, halihitaji ua. Mlinzi wake ni mtu apitaye na sufuria mkononi.

Nimetaja barazani kwa kusudi, maana ufinyu ninaoufikiri zaidi kuliko mwingine wote si wa maji wala wa udongo, bali wa mamlaka. Katika vijiji vyetu wako watu wengi wanaoishi juu ya ardhi wasiyokuwa na kauli juu yake. Yuko mwalimu au muuguzi aliyepanga chumba na sebule, ambaye mwenye nyumba hamkatazi kuanika nguo, lakini hatapenda kuona uwanja wake umechimbwa; yuko kijana aliyekuja kutafuta maisha akapewa kibanda cha muda; yuko mjane aliyerudi kwa kaka zake, akapokewa kwa wema, ila akaonyeshwa mahali pa kulala na si mahali pa kulima. Na wako wanawake wenye ndoa zao, walio wengi kuliko hao wote. Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi, na sheria hiyo ni njema. Walakini kati ya karatasi ya sheria na kipande cha shamba yako mazungumzo marefu ya ukoo, na mwanamke mwenye watoto wa kulisha jioni hii hawezi kungoja mazungumzo hayo yaishe. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo ambaye hapa nitamwita mayu, yaani mama, kama tumwitavyo sote, nilimkuta asubuhi moja akishindilia udongo ndani ya gunia. Na baada ya kuamkiana nilimwuliza kwa nini asiombe pembe ya shamba la bondeni, naye hakuinua uso. "Shamba ni la mzee, mwanangu," alisema. "Akisema pamba, ni pamba. Gunia ni langu."

Kazi yake nilikaa nikaitazama mpaka mwisho, na inafaa kuelezwa, kwa kuwa aionaye kwa mbali huidhani kuwa ni kumimina udongo tu. Gunia lilikuwa la sandarusi, lililowahi kubeba mpunga. Kwanza alilikunja mdomo kwa nje mpaka likawa fupi mfano wa kikapu, akaweka chini ya kitako chake mawe machache bapa, ili lisikalie ardhi yenyewe na mchwa wakaona njia. Udongo alikuwa ameuchanganya tangu jana yake: madebe mawili ya luseni, debe moja la samadi kuukuu iliyokwisha kupoa na kunukia ardhi badala ya zizi, na majivu ya jikoni kiasi cha konzi chache. Katikati ya gunia alisimamisha kopo kubwa la mafuta lililokatwa kitako na kifuniko, akalijaza kokoto alizozichagua, zisizo ndogo mno wala kubwa, kisha akazungushia udongo pande zote, akiukandamiza kwa kiganja na si kwa ngumi. Udongo ulipofika ukingo wa kopo, alilivuta kopo juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama, akalijaza tena, akazungushia udongo tena, akikunjua gunia kadiri lilivyopanda, hata lilipofika kiunoni mwake pakawa na nguzo ya kokoto toka chini mpaka juu, isiyoonekana kwa nje. Nguzo hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Maji yakimwagwa juu ya udongo mtupu hulowesha shubiri moja ya juu, yanayozidi yakatiririka ubavuni mwa gunia, na sehemu ya chini ikabaki kavu. Lakini yakimwagwa kokotoni hushuka mpaka chini, huku yakijigawa kando kwa kila tabaka, na mche ulio karibu na kitako ukanywa pamoja na ulio karibu na mdomo.

Alingoja siku chache, akamwagilia, udongo ukatulia na kushuka. Ndipo akachukua kisu akatoboa matundu ubavuni, kila tundu likiwa na umbali wa shubiri kutoka kwa mwenziwe, safu ya juu ikipishana na safu ya chini ili mche usimkalie mwingine kichwani, na katika kila tundu akasukuma kwa kidole mche wa mchicha au kipande cha shina la tembele. Juu aliweka nyanya, maana mizizi ya nyanya hutaka kina. Mahali alipolisimamisha gunia palikuwa upande wa mashariki wa nyumba, linapopata jua la asubuhi, na ifikapo saa nane kivuli cha ukuta huwa kimekwisha kulifunika. Hili la kivuli naliona ni la hikima kuliko yote, kwa sababu vitabu vingi vya bustani huandikwa katika nchi zinazolilia jua, vikawausia watu kuweka vyombo vyao mahali penye mwanga wa kutwa. Aufuataye wasia huo Shinyanga, mwezi wa Septemba, na hasa kwa ndoo nyeusi, ataichemsha mizizi.

Wako wanaotumia ndoo za rangi, madumu ya lita 20 yaliyokatwa ubavu na kulazwa, mabeseni yaliyovuja, matairi ya gari yaliyogeuzwa ndani nje. Kila chombo kina kipimo chake. Mchicha, figili na chainizi hutosheka na kina cha shubiri moja. Nyanya, ngogwe na pilipili hoho hazikubali kudanganywa, hutaka ndoo nzima kwa mche mmoja, nayo ndoo hutaka matundu kitakoni. Iko itikadi iliyoenea kwamba kuweka tabaka la changarawe chini ya ndoo husaidia maji kutoka. Sivyo. Maji yaliyo katika udongo laini hayaingii katika mawe yaliyo chini yake mpaka udongo wenyewe uwe umelowa kabisa, kwa hiyo tabaka hilo huinua tu mahali ambapo mizizi itakaa majini, na kukipunguzia chombo nafasi. Kokoto za mayu zimesimama wima kwa ajili ya kuyashusha maji. Zilizolala kitakoni zina kazi nyingine, na kazi hiyo ni ya hasara. Kinachohitajika ni matundu, na chombo kiinuliwe kidogo ili yasizibike.

Turudi kwenye maji, kwa sababu huku kila mazungumzo hurudi huko. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa Ihelele katika Wilaya ya Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama kwa mabomba, na hakuna mtu mzima wa mkoa huu asiyekumbuka maana ya jambo hilo; kabla ya hapo wakati wa kiangazi palikuwa na watu waliokwenda kisimani usiku ili wasikute foleni. Lakini maji ya bomba ni ya kununuliwa, hata kama bei ya ndoo ni nafuu, na mtu hanunui maji ili ayamwage ardhini. Ndiyo maana bustani ya chombo hunyweshwa maji yaliyokwisha kufanya kazi moja: yaliyooshea mchele, yaliyooshea mboga, yaliyosuuzia vyombo kabla ya sabuni. Maji ya sabuni kali huchosha udongo, na maji yenye chumvi ya chakula au magadi huacha chumvi hiyo chomboni, ambako hakuna mvua ya kuiosha. Baada ya muda ukungu mweupe huonekana juu ya udongo na ncha za majani huungua. Lazima nikiri kwa upande wa hoja yangu kwamba chombo hukauka upesi kuliko tuta. Kilichotundikwa hewani hupigwa na upepo pande zote, na mwenye nacho akisafiri siku mbili mwezi wa Septemba atakuta mashina. Nyasi kavu juu ya udongo husaidia, na makapi ya mpunga, ambayo huku hayana bei, husaidia vilevile.

Yako mambo mawili ya historia ambayo mtu wa Shinyanga hawezi kuyaacha anapozungumza juu ya kulima kwa kuhifadhi. La kwanza ni la huzuni. Nchi hii haikuumbwa kuwa tupu. Ilikuwa na pori la miombo na migunga, na ndani ya pori hilo walikuwamo mbung'o. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata serikali ya kikoloni ilikata misitu kwa maeneo makubwa ili kuwafukuza, na Shinyanga ikawa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na Charles Swynnerton mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kisha pamba ikataka mashamba, majiko yakataka kuni, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji, wakaziacha nyuma hifadhi zao za ukoo. Watu wakaanza kusema bila ya haya juu ya jangwa la Shinyanga. La pili ni la faraja. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao mwanzoni ulikuja na miche ya kupanda, na baadaye ukawa na unyenyekevu wa kutambua kwamba wenyeji walikuwa na elimu yao, yaani ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, isiingizwe mnyama, ili nyasi na miti vijirudishe na ng'ombe wapate kula wakati wa njaa. Ngitili zikafufuliwa, za kaya na za kijiji, mpaka zikahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, na miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda ikachipua kutoka katika visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa.

Nikiitazama ngitili, na nikitazama majaruba ya mpunga ambamo Msukuma huyazungushia maji ya mvua tuta la udongo ili yakae badala ya kukimbia, naona kwamba maarifa ya watu hawa tangu zamani ni maarifa ya kuzungushia: kukitenga kidogo, kukifungia, kukipa muda, ilhali kikubwa kilichoachwa wazi kinapotea. Mtaalamu anayekuja leo kufundisha bustani za magunia kama jambo jipya lililotoka ng'ambo, na asiyeutaja ukoo wa bustani hizo na ngitili na majaruba, huwafanya watu kuwa wanafunzi wa elimu ambayo mizizi yake ni yao. Gunia ni kipimo kipya cha tendo la zamani. Na ningependa maofisa ugani wetu walianzie hapo, kwa maana mkulima hulishika upesi jambo analotambua jamaa zake.

Si kwamba ya wenzetu hayana faida. Katika Unguja, Lamu na Mombasa, nyumba za mawe zilizobanana zilikuwa na vyungu vya mrehani na asumini barazani na juu ya dari, na hakuna aliyewaona wenyewe kuwa watu wa ajabu. Kibera, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wakati njia za chakula zilipofungwa na bei kupanda, kulima ndani ya magunia kulisambazwa kwa maelfu ya kaya, na sukumawiki ikaota kati ya kuta za mabati. Havana ililazimika kulima viwanja vya mji baada ya mwaka 1991, msaada wa Muungano wa Kisovieti ulipokatika. Karibu na sisi zaidi, katika vijiji vya Ilolo na Idifu, Wilaya ya Chamwino, nchi kavu ya Wagogo inayofanana na yetu kwa mvua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Ujerumani walijaribu bustani za mifuko pamoja na wanakijiji katika muongo wa 2010, na mfano huo ndio ambao mtu wa Samuye anapaswa kuutazama kwanza, kabla ya Havana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni chombo chenyewe kimetoka wapi. Shinyanga na Geita ni nchi ya madini. Mwadui, alikokuta almasi Dokta John Williamson mwaka 1940, si mbali. Dhahabu iko Mwakitolyo, ndani ya wilaya yetu hii hii, iko Kahama, iko Geita, Nyarugusu na kwingineko, na vijana wa kila kijiji huenda na kurudi kila panapotangazwa rashi ya dhahabu mpya. Katika makambi hayo, ambako watu huishi chini ya maturubai juu ya ardhi itakayohamwa mara mawe yatakapokwisha, mboga ni ghali na hufika imenyauka, na hakuna anayepanda kitu ardhini kwa kuwa hajui kama atakuwapo kuivuna. Kwa watu wa namna hiyo bustani inayobebeka ingekuwa rehema kubwa. Lakini ni huko huko kunakotoka ndoo na madumu yanayouzwa bei poa minadani, na chombo kilichobeba sayanidi, au kilichotumika kuchanganyia zebaki, kikiletwa nyumbani kimeoshwa na kung'aa, hakina alama yoyote usoni ya kumwonya mwanamke anayekinunua. Kadhalika madumu ya dawa ya pamba, ambayo yamejaa katika kila kijiji kilimapo pamba.

Hatari haimo katika chombo peke yake. Wachimbaji wadogo huchanganya mawe yaliyosagwa karashani na zebaki, zebaki ikaikumbatia dhahabu, kisha donge likachomwa moto ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Na zebaki iliyoruka haipotei, bali huelea kisha hushuka juu ya mabati, juu ya udongo, juu ya majani. Mboga za majani huipokea kutoka hewani, na kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki kwa kuoshwa. Vilevile marudio, ule mchanga laini unaobaki mwaloni baada ya kuoshea dhahabu, ni mwepesi, hauna magugu, na kwa macho unafaa kabisa kuchanganywa na samadi. Nimeona watu wakiuchota. Dunia imekwisha kujifunza kwa msiba zebaki inafanya nini katika miili ya akina mama na watoto wachanga: ugonjwa wa Minamata, Japani, ulitambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa mataifa unaoizuia zebaki, uliotiwa saini mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Haistahili kwamba mtu aliyejinyima ili apande mboga kwa ajili ya siha ya wanawe awalishe kwa mkono wake mwenyewe kile alichokikimbia. Kwa hiyo nasema wazi: dumu lisilojulikana lilibeba nini lisiingie bustanini, bustani isiwe karibu na mahali pachomwapo dhahabu, na udongo wa marudio usitumike, hata kidogo, hata kwa maua. Gunia la mpunga na ndoo iliyovunjikia nyumbani kwako ni salama kuliko pipa zuri la mnadani.

Pia ningewaomba wanaohubiri bustani hizi wasiwaahidi watu utajiri. Magunia matatu hayamtajirishi mtu, wala hayatoi ugali. Mtama na mahindi na viazi vitabaki shambani, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, itabaki ghalani. Kinachotoka guniani ni kitoweo cha kijani mara mbili tatu kwa wiki, katika miezi ambayo kaya nyingi hula nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au hawali mboga kabisa. Nsansa ni chakula cha akili nyingi, nami nakipenda, ila kukausha juani huondoa baadhi ya yale ambayo mtoto anayahitaji. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na sababu zake ni nyingi, na gunia si dawa ya zote. Lakini konzi ya mchicha uliochumwa sasa hivi na kutiwa karanga ni kitu ambacho mama anaweza kukipata bila ya kumwomba mtu ruhusa wala fedha, na katika hesabu za umaskini vitu vya namna hiyo ni vichache mno.

Wadudu huja, bila shaka. Vidukari hupenda chainizi. Mayu huwanyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulazwa, kisha hupukusa majivu asubuhi kabla umande haujakauka. Mche mmoja wa mchicha katika kila gunia hauchumwi. Huuacha upande juu, utoe mashuke na kukauka, akapukuta mbegu ndani ya kitambaa, na mwaka unaofuata hanunui pakiti dukani. Gunia lenyewe halina umri mrefu, kwani jua huila sandarusi, na baada ya misimu miwili huanza kuchanika ubavuni. Mvua za kwanza zikianguka mwezi wa Novemba, mayu hulipasua lililochoka, akazitenga kokoto kando kwa ajili ya lijalo, na udongo, ambao kwa wakati huo umepungua nguvu lakini bado ni bora kuliko wa uwanjani, huumwaga kwenye mashimo ya mahindi nyuma ya nyumba. Mwaka huu anataka kubadili mchanganyiko, atie udongo wa kichuguu badala ya sehemu ya samadi. Mimi namwambia utagandamana na kuziba maji, yeye anasema babu zake walipanda tumbaku vichuguuni ikastawi, na tumekubaliana magunia mawili yasimame bega kwa bega, moja lake na moja langu, mpaka Oktoba.